Vumbi ya eterniti: mambo ya kujua mbele ya kuanza kubomoa

Mazungumzo ya fundi mmoja, memba wa chama chetu, kwenye mkutano wa mwezi, Uvira. Tumeandika kama alivyosema, tumepunguza tu maneno yaliyorudiwa. Maswali ya wanamemba yako mwishoni.

Wazee wetu, wamama, wababa, vijana, na ninyi ndugu mliofika juzi tu kutoka Nyarugusu na mnalala bado kwa jamaa: karibuni nyumbani. Wengi mnanijua, mimi ni fundi masoni. Si munganga. Nitasema yale fundi anajua kwa mikono yake, na yale niliyojifunza kwa kuuliza watu wa afya, juu nilikuwa na sababu ya kuuliza. Sababu hiyo nitawaambia, hata kama inanipa haya.

Mnajua kwa nini neno hili liko kwenye mkutano leo. Mwezi uliopita mwenye ghala moja ya zamani, kandokando ya ziwa, alikuja kuona komite. Ghala ni ya wakati wa Wabelgiji. Ziwa lilipopanda mwaka 2024 maji yaliingia ndani, ukuta mmoja ukalala chini, nusu ya paa ikavunjika. Sasa anatafuta watu wa kubomoa na kusafisha. Atalipa franka kidogo kwa siku. Na tena amesema: zile eterniti za paa, nzima na vipande, chama kichukue bure.

Watu walipiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu alisema, Mungu ametukumbuka, sasa mimi pia nitatoka chini ya shitingi. Siku ile nilinyamaza. Leo nataka kusema kwa nini sikupiga makofi.

Eterniti ni kitu gani

Sisi wote tunasemaga «eterniti», lakini hilo ni jina la biashara. Mtu wa Austria, Ludwig Hatschek, ndiye aliyepata ile akili ya kuchanganya simenti na nyuzi za jiwe moja, akaandikisha kazi yake mwaka 1901. Jina alilichukua kwenye Kilatini, neno la kusema «ya milele». Wabelgiji walifungua kiwanda chao kule Kapelle-op-den-Bos, na kwa miaka mingi bati za namna hiyo zilisafiri mpaka kwenye makoloni. Ndiyo maana unaziona juu ya majengo ya zamani: nyumba za wakubwa, misheni, mashule, mahopitali, maghala, nyumba za bandari na za reli.

Hilo jiwe linaitwa amianti. Waliosoma Tanzania wamesikia jina asbesto, ni kitu kimoja. Ni jiwe la ajabu: ukilipasua halitoi mchanga, linatoa nyuzi kama pamba. Halichomeki, halioji, halilwi na mchwa. Ukilichanganya na simenti, simenti inakuwa ngumu na nyepesi. Ndani ya bati ya eterniti kilo 100, amianti inaweza kuwa kilo 10 mpaka 15 hivi, iliyobaki ni simenti.

Namna ya kuijua ni hii. Ina mawimbi kama manjanja (kule kambini tulisema mabati), lakini ni nene na rangi yake ni ya majivu. Haina kutu. Ikipigwa haisemi kama chuma. Ikianguka inavunjika kama sahani, na pale ilipovunjika, ukitazama vizuri, unaona nywele nyeupe ndogo. Lakini haiko kwenye paa tu. Iko kwenye plafo za bati bapa, kwenye mifereji ya maji ya mvua, kwenye mabomba ya maji na ya moshi. Kwenye mashine za zamani za mvuke unakuta kamba na vitambaa vya amianti vimezungushwa kwenye buala. Hizo kamba ni mbaya kuliko bati, juu hazina simenti ya kuzishika.

Siku hizi viwanda vingi vinatengeneza bati za kufanana ambazo hazina amianti. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kwa hiyo sheria ya fundi ni moja: kama jengo ni la zamani na bati ni ya majivu, uichukue kama ina amianti.

Ubaya uko wapi

Hapa mnisikilize vizuri, juu sitaki mtu aondoke na woga usio na maana. Bati ya eterniti nzima, iliyotulia juu ya paa, haikuuwi. Nyuzi zimefungwa ndani ya simenti. Unaweza kukaa chini yake na kulala.

Ubaya unaanza siku inavunjwa. Ukiipiga nyundo, ukiikata msumeno, ukiitoboa, ukiitupa chini kutoka juu, ukiisaga, ukiisugua kwa burashi kavu, nyuzi zinatoka na vumbi. Zile kubwa unaziona. Zile mbaya huzioni, ni nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Hazina harufu. Haziwashi macho, hazikufanyi upige chafya. Zinaweza kuelea masaa mengi. Unazivuta, zinashuka mpaka mwisho wa mapafu, na pale zinabaki. Mwili unajaribu kuziondoa, unashindwa.

Halafu hakuna kitu. Hiyo ndiyo hila yake. Kesho hakuna kitu, mwaka kesho hakuna kitu. Kisha miaka 20 inapita, wengine 30, wengine 40, ndipo mtu anaanza kukosa pumzi. Waganga wanataja magonjwa makubwa matatu. La kwanza, mapafu yanakuwa magumu kama ngozi iliyokauka, mtu anapanda ngazi tatu anakaa chini, wanaliita asbestosi. La pili ni kansa ya mapafu, na hapo mtu anayevuta sigara hatari yake inaongezeka sana. La tatu ni kansa ya ile ngozi nyembamba inayofunika mapafu au tumbo, inaitwa mezotelioma. Hiyo ya tatu karibu kila mara inatoka kwa amianti, na dawa ya kuiponya kabisa haipo. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 200,000 wanakufa kila mwaka juu ya amianti waliyoivuta kazini. Umoja wa Ulaya uliikataza kabisa mwaka 2005. Lakini ile waliyotuletea bado iko juu ya vichwa vyetu.

Na si ugonjwa wa kuambukiza. Mzee aliyefanya kazi ya ujenzi akikohoa, watu wanasema kifua kikuu, wanatenga sahani yake. Kama ni amianti, hawezi kumpa mtu. Msimtenge.

Hatari inakua kwa wingi wa vumbi na kwa siku ulizovuta. Mtu aliyevunja bati moja maishani asilale na woga. Lakini hakuna aliyeweza kutaja kipimo ambacho ukivuta chini yake uko salama kabisa.

Kwa nini maafa yanazidisha

Siku za kawaida, eterniti inakaa miaka 60 bila kugusa mtu. Maafa yanakuja yanaivunja yote kwa dakika moja. Hapa kwetu hatuhitaji kufundishwa maafa. Tarehe 3 mwezi wa pili 2008 ardhi ilitikisika Bukavu na Rusizi, hata kanisa ziliangukia watu. Usiku wa tarehe 16 kwenda 17 mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulipita katikati ya Uvira na kubeba manyumba na watu wetu. Kisha ziwa likapanda. Na vita, msisahau vita. Wenye umri wangu wanakumbuka nyumba ya eterniti ikiungua: inalia pa! pa! pa! mpaka unafikiri ni risasi. Ni bati zinapasuka kwa moto, na vipande vinaruka kila upande.

Maafa yakipita, kuna mambo matatu. Moja, kila mtu ana haraka, hakuna anayeuliza hii ni bati gani. Mbili, anayeitwa kusafisha ni maskini, yule anayekubali franka yoyote. Tatu, watoto wanachezea juu ya rundo.

Nitawapa mfano wa mbali, juu wenyewe waliuandika vizuri. Mji wa Kobe, Japani, tarehe 17 mwezi wa kwanza 1995, tetemeko liliua watu zaidi ya 6,000. Majengo mengi sana yalibomolewa mbiombio, vumbi ikajaa mjini. Miaka zaidi ya kumi ikapita. Ndipo watu waliofanya kazi ile ya kubomoa wakaanza kupatikana na mezotelioma. Mmoja wao hakuwa hata fundi. Alikuwa muuzaji wa nguo. Baada ya tetemeko alichukua kibarua cha kuondoa mabaki, kama miezi miwili hivi. Alikufa mwaka 2011. Miezi miwili ya kibarua, miaka 16 ya kungoja.

Japani ni nchi ya mashine na mahopitali, ndiyo maana walijua. Hapa mtu akifa namna ile, tunasema alirogwa, ao tunasema ni kifua tu.

Yale niliyofanya mimi

Sasa sababu niliyosema. Mwaka 2020, maji ya Mulongwe yalipotoka, parseli yangu ilibaki tope mpaka kwenye goti. Jengo moja la zamani karibu nasi lilikuwa limeanguka nusu, eterniti zake zimelala njiani. Mimi fundi, nikajiona mwerevu. Nilibeba vipande mikokoteni sita. Nikawapa watoto wangu nyundo. Mmoja alikuwa na miaka 9, mwingine 12. Nikawaambia, sageni hivi viwe kokoto, tutafunika tope. Walisaga siku mbili. Walikuwa weupe nywele mpaka kope, na walicheka, walisema sasa sisi ni wazungu. Mama yao alifua zile nguo, alizikung'uta kwanza mlangoni.

Hakuna mtu aliyenikataza. Majirani waliona ni akili, walikuja nao kuchukua.

Miaka miwili baadaye nilikuwa nasafiri kwenda Bukavu. Mnajua barabara ya Ngomo, kwa hiyo tulipita kwa Kamanyola, Bugarama, upande wa Rwanda. Kule Rusizi niliona wanaume juu ya paa ya shule, wamevaa nguo nyeupe kutoka kichwani mpaka miguuni, pua zimefungwa. Nikamwambia jirani yangu ndani ya gari, Ebola imeingia tena. Alicheka. Akasema hapana, wanaondoa eterniti. Serikali yao imekata shauri ziondolewe nchi nzima. Walikuwa wanamwagilia maji, wanafungua bati mojamoja, wanaishusha polepole kama mtu anashusha mtoto, wanaifunga ndani ya plastiki. Kisha wanaenda kuizika kwenye shimo lililochaguliwa.

Nikanyamaza mpaka Bukavu. Mtu hawezi kuvaa hivyo bure. Nilipofika nilitafuta muuguzi ninayemfahamu, nikamuuliza, akanieleza yote haya ninayowaeleza. Nikamuuliza swali moja tu mwishoni: dawa ya kutoa zile nyuzi kifuani iko? Akasema haiko.

Watoto wangu hawakohoi. Wanacheza mpira. Muuguzi alisema siku mbili si miaka kumi, nisijitese. Lakini ninahesabu. Yule wa miaka 9, mwaka 2050 atakuwa na 39. Atakuwa na watoto wake. Mimi sitakuwa tena hapa kumwambia kwa nini.

Nguo za kazi

Wamama, neno hili ni lenu. Kule Kapelle-op-den-Bos, kwenye kiwanda nilichotaja, kulikuwa na bwana mmoja mfanyakazi aliyekufa kwa mezotelioma mwaka 1987. Mke wake hakufanya kazi kiwandani hata siku moja. Alikaa karibu nacho, na alifua nguo za bwana. Naye alikufa kwa ugonjwa uleule, mwaka 2000. Watoto wao wawili pia wakafuata. Mama yule mbele ya kufa alikataa pesa za kunyamaza, akaenda mahakamani, na watoto wakaendelea. Mwaka 2011 mahakama ya Brussels iliwapa haki.

Kwa hiyo msiseme «ni kazi ya wanaume». Vumbi inarudi nyumbani ndani ya koti, ndani ya nywele, ndani ya gunia.

«Tuna njaa leo»

Najua jibu, juu mimi mwenyewe ningelitoa. Fundi, unatuambia ugonjwa wa miaka 30, sisi tuna kolera leo, tuna malaria leo, tuna kodi ya nyumba mwisho wa mwezi. Mtu ambaye alikula nusu ya chakula cha kambi miaka yote hataogopa vumbi.

Ni kweli. Sitasema muache kazi mkae na njaa. Lakini tazameni hesabu. Anayekufa kwa vumbi hii ni yule aliyeivuta akiwa kijana na akaishi. Ni yule aliyeponyoka vita, aliyeponyoka kolera, aliyerudi kwa mashua kutoka Kigoma, akapata parseli, akasomesha. Ndiye huyo inamngoja, akiwa na miaka 50, wakati familia yote inamtegemea. Na sanduku yetu ya msaada, mnaijua, inazika watu. Haiwezi kutibu kansa hata ya mtu mmoja.

Tena, kufanya vizuri si ghali sana. Inataka maji, kamba, shitingi na uvumilivu. Kitu kinachokosekana zaidi ni kujua.

Namna ya kufanya

1. Watoto na wamama wenye mimba wakae mbali na jengo. Hakuna mtoto kuokota vipande, hata kwa zawadi.

2. Lowesha kwanza. Maji na sabuni kidogo, mwagia polepole, yaingie. Bati iwe imelowa wakati wote wa kazi. Vumbi iliyolowa hairuki.

3. Usivunje. Fungua buloni, kata misumari, usipige bati. Ishushe kwa kamba ao kwa mikono ya watu wawili. Hakuna kutupa chini.

4. Hakuna msumeno, hakuna mashine ya kutoboa, hakuna kusaga.

5. Kile kitambaa cha pua cha wakati wa Korona hakizuii nyuzi hizi. Wala fulana uliyofunga usoni. Inatakiwa barakoa yenye alama FFP3 ao P3, na ikae imebana uso. Mwenye jengo ndiye anunue, si mfanyakazi.

6. Usifagie kavu. Lowesha, kusanya kwa chepe, malizia kwa kitambaa kilicholowa, kitambaa nacho kizikwe.

7. Funga bati na vipande ndani ya shitingi mara mbili, andika juu «amianti». Zika ndani ya shimo lenye urefu wa mtu kushuka, mbali na kisima, mbali na mto, mbali na mahali maji ya mvua yanachimba. Hapa kwetu hiyo ni kusema: si kando ya Mulongwe, si kando ya ziwa. Weka alama, mwambie shefu wa kartie, asije mtu kuchimba msingi pale.

8. Nguo za kazi zibaki kwenye kazi. Oga palepale, kichwa pia, mbele ya kwenda nyumbani. Nguo zilowekwe majini mbele ya kuguswa, zifuliwe peke yake. Zisikung'utwe.

9. Usivute sigara, usile wala usinywe kwenye rundo.

Ninachoomba chama

Narudi kwenye ghala. Naomba mambo matatu, na komite itayapigia kura mkutano unaokuja.

La kwanza: tukatae zile eterniti kama malipo. Hata nzima. Bati iliyotikiswa, iliyolowa, iliyofunguliwa na kupigiliwa tena misumari, inavunjika. Tutakuwa tumegawa vumbi kwa familia 40. Mama aliyesema Mungu ametukumbuka, mimi na mafundi wawili tuko tayari kumpigia paa bila malipo, kama chama kitapata manjanja. Nimekwisha kuongea nao.

La pili: kazi yenyewe tuikubali tu kama mwenye ghala anakubali masharti. Maji, barakoa za kweli, nguo za kubaki pale, shimo, na siku za kutosha. Asipokubali, tumwachie ghala yake. Najua atapata wengine, pengine ndugu zetu deplase wasio na chama. Kwa hiyo hata tukikataa, twende tuwaambie na wao.

La tatu: parseli zetu. Kila mmoja atazame kwake. Ukiona vipande vya eterniti ndani ya ua, usivichimbe. Funika na udongo mzito, ao simenti kama uko nayo. Mimi yangu nimeifunika. Watoto hawajui kwa nini baba alinunua mifuko mitatu ya simenti kwa ua wakati jikoni inavuja. Sasa mama yao anajua. Nilimwambia wiki hii, mbele ya kuwaambia ninyi.



Maswali ya wanamemba

Nyumba ninayopanga ina eterniti, nihame?
Hapana. Kama ni nzima, iache. Usiipande, usiisugue, usitoboe juu ya antena. Kama imepasuka mahali, lowesha, ziba ufa kwa rangi nzito ao kwa lami, usivunje kipande. Plafo ikianza kuanguka unga, hapo mwambie mwenye nyumba, na usifagie kavu.

Maji ya mvua tunayokinga kwenye eterniti, tunakunywa. Ni sumu?
Ubaya tunaoujua ni wa kuvuta kwa pua. Juu ya kunywa, Shirika la Afya Duniani halijaona ushahidi wa kutosha kwamba inaleta ugonjwa. Kolera ndani ya maji ndiyo uiogope kwanza: chemsha ao tia dawa. Lakini usipande kusafisha paa kwa burashi kavu ili maji yawe safi. Hapo ndipo utavuta.

Mimi nilikata eterniti miaka mingi kabla ya kukimbia. Nifanye nini?
Mzee wangu, mambo mawili. Sigara, acha leo. Halafu, ukienda kituo cha afya juu ya kifua, umwambie muuguzi kazi uliyofanya, miaka mingapi, na nini. Wengi hawaulizi. Akijua, hatakupa dawa ya kifua kikuu bila kupima, na atakutuma kupiga radio ya kifua.

Vijana wanauza vipande sokoni vya kufunika choo na banda la kuku. Tuwafukuze?
Hapana, ni watoto wetu. Tuwaite, tuwaambie, na tuache kununua. Asiyenunua ndiye anayefunga ile biashara.

Kura juu ya ghala itapigwa kwenye mkutano wa mwezi ujao. Wanamemba wote wanaombwa kufika, pamoja na wake na waume zao.